Chapa za Mbao za Kaskazini mwa China: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Wasanii wa Beidahuang

Chapa za mbao za Beidahuang ni picha za namna gani?

Ni picha zinazochongwa juu ya ubao, kisha ubao ukapakwa wino na karatasi ikagandamizwa juu yake ili ibebe alama. Zilianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika mkoa wa Heilongjiang, kaskazini-mashariki kabisa mwa China, kwenye mpaka wa Urusi. Beidahuang, yaani Nyika Kuu ya Kaskazini, ni jina la nyanda za vinamasi, matete na nyasi ndefu zilizotanda karibu na mito ya Heilong, Songhua na Wusuli. Udongo wake ni mweusi na wenye rutuba nyingi, na majira yake ya baridi huchukua karibu nusu ya mwaka, huku joto likishuka hadi chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri.

Jambo linalozitofautisha na picha nyingine za mandhari ni kwamba waliozichonga hawakuwa watazamaji waliopita njia. Waliishi katika mashamba ya serikali yaliyokuwa yakigeuza nyika hiyo kuwa mashamba ya ngano na soya, kwa hiyo walichora nchi ileile waliyokuwa wakishiriki kuibadilisha. Asiyelijua hilo ataziona picha hizi kama mapambo ya theluji na machweo tu.

Ni nani waliozianzisha, na walifikaje huko?

Mwaka 1958 takriban wanajeshi 100,000 walioachishwa jeshi walipelekwa Beidahuang kulima, katika mpango uliosimamiwa na Jenerali Wang Zhen, aliyekuwa waziri wa ufunguaji wa ardhi mpya. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliokuwa wakichora mabango na majarida jeshini. Anayejulikana zaidi ni Chao Mei, mzaliwa wa mkoa wa Shandong mwaka 1931, na pamoja naye hutajwa Zhang Zuoliang, Zhang Zhenqi na Du Hongnian. Walifanya kazi katika jarida la picha la mashamba hayo, wakazunguka kambi moja hadi nyingine wakichora kwa penseli, na usiku wakachonga.

Haifai kusahau kwamba wengine hawakwenda kwa hiari. Mwaka huohuo wa 1958 walihamishiwa Beidahuang waandishi na wachoraji walioadhibiwa katika kampeni dhidi ya walioitwa watu wa mrengo wa kulia, wakiwamo mwandishi Ding Ling, mchora katuni Ding Cong na msanii Huang Miaozi. Kwa hiyo nyanda zilezile zilikuwa nchi ya matumaini kwa baadhi ya watu na mahali pa adhabu kwa wengine, na chapa za mwanzo hazionyeshi upande huo wa pili hata kidogo.

Kwa nini walichagua ubao badala ya brashi na rangi za mafuta?

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Tangu miaka ya 1930 chapa ya mbao ilikuwa imejijengea heshima China kama sanaa ya watu wanaotaka mabadiliko. Mwandishi Lu Xun aliandaa mafunzo mafupi ya uchongaji mjini Shanghai kuanzia tarehe 17 hadi 22 Agosti 1931, ambapo Uchiyama Kakichi kutoka Japani aliwafundisha wanafunzi 13 huku Lu Xun mwenyewe akitafsiri. Lu Xun pia aliwatambulisha Wachina kwa kazi za msanii wa chapa Käthe Kollwitz wa Ujerumani, na wachongaji wengi vijana walijifunza kutoka kwake namna ya kuuonyesha uso wa mtu aliyeteseka. Baadaye, huko Yan'an, makao makuu ya Wakomunisti wa China wakati wa vita dhidi ya Japani, wasanii kama Gu Yuan na Yan Han walichonga maisha ya vijijini, mahali ambapo turubai na rangi zilikuwa adimu lakini mbao zilipatikana.

Sababu ya pili ni ya kawaida tu: ubao mmoja hutoa nakala nyingi. Picha moja ingeweza kubandikwa katika ukumbi wa kambi, kuingizwa katika jarida na kupelekwa Beijing kwenye maonyesho, yote kwa wakati mmoja.

Je, si kweli kwamba China ilikuwa na chapa za mbao kwa karne nyingi kabla ya hapo?

Ni kweli, na inafaa kutenganisha mikondo miwili. Sutra ya Almasi, maandiko ya dini ya Buddha yaliyogunduliwa katika mapango ya Dunhuang, ambayo leo yamehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London, ilichapwa kwa mbao mwaka 868, na mwanzoni mwake kuna picha ya Buddha iliyochongwa kwa ustadi unaoonyesha kuwa kazi hiyo haikuwa ngeni hata wakati ule. Katika karne ya 17 Hu Zhengyan wa Nanjing alitoa kitabu cha mifano ya uchoraji cha Studio ya Mianzi Kumi, kilichochapwa kwa rangi nyingi kutoka mbao nyingi ndogondogo. Kando ya hapo kulikuwa na picha za mwaka mpya, zilizobandikwa milangoni na ukutani katika nyumba za watu wa kawaida, kutoka vituo kama Yangliuqing karibu na Tianjin na Taohuawu mjini Suzhou.

Katika mkondo huo wa kale, kwa kawaida mchoraji alikuwa mtu mmoja, mchongaji wa pili na mchapaji wa tatu. Lengo lake kuu lilikuwa kunakili au kueneza picha iliyokwisha kuwapo. Mfano wa kushangaza kuliko yote ni wa karakana ya Rongbaozhai ya Beijing, ambayo ilitumia mbao 1,667 ili kutoa nakala za mchoro mmoja mrefu wa kale unaoonyesha karamu ya usiku ya Han Xizai, afisa wa serikali wa karne ya 10. Mkondo uliotokana na Lu Xun, ambao Beidahuang ni tawi lake, unamtaka mtu mmoja abuni, achonge na achape mwenyewe. Ubao unakuwa mahali pa kufikiria, na mara nyingi mchongaji hubadili nia yake patasi ikiwa mkononi.

Chapa moja hutengenezwaje, hatua kwa hatua?

Kazi huanza na mchoro wa penseli uliofanywa papo hapo, shambani au kandokando ya mto. Mchoro huo hurekebishwa chumbani na kugeuzwa kushoto kuwa kulia, kwa sababu chochote kilichochongwa hutokea kinyume karatasini. Msanii anayesahau hili humkuta dereva wa trekta ameandika kwa mkono wa kushoto. Kisha mistari mikuu huchongwa kwenye ubao wa kwanza. Alama ya ubao huo huhamishiwa kwenye mbao nyingine, kila ubao ukitengewa rangi moja au mbili, na sehemu zisizohitajika katika rangi hiyo huondolewa.

Mchongaji hutumia visu na patasi za aina mbalimbali: yenye ncha ya pembe kwa mistari myembamba, ya mviringo kwa kuchimba sehemu pana, bapa kwa kusafisha kingo. Mbao ngumu kama za mpea zilipendwa tangu zamani kwa mistari midogo. Kwa picha kubwa za kaskazini zilitumika pia mbao laini za mti wa tilia unaoota katika misitu ya huko, pamoja na plaiwudi, ambayo hupatikana kwa upana wowote unaotakiwa. Plaiwudi ina kasoro ya kuchanika ukingoni, lakini nyuzi zake zikiachwa wazi hutoa mistari ya asili inayofaa sana kuonyesha maji, upepo juu ya nyasi au theluji inayopeperuka.

Tofauti kubwa na uchapaji wa kale iko kwenye wino. Chapa za jadi hutumia rangi za maji zinazopakwa kwa brashi na kunywewa na karatasi yenye unyevu. Wasanii wa Beidahuang walichagua zaidi wino wa mafuta unaosambazwa kwa rola, ambao hukaa juu ya karatasi, hufunika rangi iliyo chini yake na hubaki na uzito unaoonekana. Karatasi ikishalazwa juu ya ubao, husuguliwa kwa nyuma kwa kifaa cha mbao chenye umbo la uyoga, au hupitishwa kwenye mtambo wa kuchapia. Sehemu inayosuguliwa kwa nguvu hutoka nzito na inayosuguliwa taratibu hutoka nyepesi, kwa hiyo mkono wa mchapaji unaendelea kuchora hata baada ya uchongaji kumalizika. Kila rangi husubiriwa ikauke kabla ya inayofuata, na karatasi hurudishwa mahali palepale kwa kufuata alama za pembeni. Mahali pakikosewa kwa milimita moja tu, mti hujitenga na kivuli chake.

Kwa nini rangi ni kali na upeo wa macho uko mbali hivyo?

Hapa ndipo mahali palipoifundisha sanaa. Chapa za miaka ya 1930 na 1940 zilikuwa ndogo na nyingi zilikuwa nyeusi na nyeupe, zikimtazama mtu kwa karibu: mikono, uso, hasira. Mtu anayesimama katikati ya nyanda za Heilongjiang hana kitu cha karibu cha kutazama. Ardhi ni tambarare hadi macho yanapochoka, na tofauti kubwa hutokana na majira: barafu inayovunjika mtoni wakati wa kuchipua, kijani kizito cha muda mfupi cha majira ya joto, dhahabu na wekundu wa mavuno, halafu weupe wa miezi mingi.

Chao Mei alilielewa hili mapema. Mwaka 1960 alichapa kazi mbili zilizoutambulisha mkondo huu nchini kote, moja ikiitwa Nyayo za Kwanza na nyingine Nyika ya Udongo Mweusi. Katika hii ya pili udongo wenyewe ndio mhusika mkuu. Wino mweusi, ambao kwa wachongaji wa awali ulikuwa kivuli au mstari wa kuzungushia umbo, unakuwa kitu chenye mwili, kinachoshikika. Mwaka 1963 alitoa Septemba ya Kaskazini, ambayo mtama uliokomaa unaijaza kwa wekundu wake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo chapa bora kuliko zote za kipindi hicho, kwa kuwa mavuno yake hayahitaji kuelezwa na kaulimbiu yoyote.

Wino wa mafuta ndio uliowezesha haya. Rangi ya maji ingefaa ukungu wa milima ya kusini, ambako mchoraji wa jadi huacha karatasi tupu iwe wingu. Kaskazini mwanga ni mkavu na kingo za vitu ni kali, hivyo tabaka nzito za rangi zinazogusana bila kuyeyukiana ziliwafaa zaidi. Karatasi tupu haikuachwa kabisa, hata hivyo, kwani katika picha za majira ya baridi theluji mara nyingi ni karatasi yenyewe isiyoguswa na wino.

Je, hizi si picha za propaganda tu?

Nyingi zilikuwa na kazi hiyo, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi. Zilichapwa na taasisi za serikali, zilisifu ufunguaji wa ardhi, na ndani yake huwezi kuona njaa iliyoikumba China kati ya mwaka 1959 na 1961, ingawa kazi kadhaa maarufu zilichongwa katika miaka hiyohiyo. Trekta huwa jipya daima na mfanyakazi huwa na tabasamu.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya picha inayotumia mandhari kama pazia la nyuma na picha ambayo mandhari imeishinda kaulimbiu. Katika kazi bora za Beidahuang binadamu ni mdogo mno. Trekta ni doa kwenye ukingo wa shamba, na msafara wa watu ni mstari mwembamba chini ya anga kubwa. Msanii huenda alikusudia kuonyesha ushindi wa mwanadamu juu ya nyika, lakini vipimo vya picha vinasema habari nyingine. Nadhani hii ndiyo sababu watazamaji wasiojali chochote kuhusu siasa za miaka ya 1960 bado wanazipenda.

Mkondo huu uliendeleaje baada ya kizazi cha kwanza?

Mwaka 1968 mashamba mengi ya serikali ya Heilongjiang yaliwekwa chini ya kikosi cha uzalishaji na ujenzi kilichoendeshwa kijeshi, na mamia ya maelfu ya vijana wa mijini, kutoka Beijing, Shanghai, Tianjin, Harbin na kwingineko, walipelekwa huko. Hao Boyi, mmoja wa wachongaji waliotokana na uhamaji wa wanajeshi, aliwakusanya vijana wenye kipaji katika madarasa ya uchongaji wakati wa miaka ya 1970. Wengi wao hawakuwa wamewahi kushika patasi. Walikaa pamoja kwa miezi, wakakosoana, kisha wakarudi mashambani, na baadhi yao baadaye wakawa wasanii na walimu wa chapa katika miji mikubwa.

Si wote walioshika njia ya ubao. Shen Jiawei, aliyepelekwa Beidahuang mwaka 1970, alijulikana kwa mchoro wa rangi za mafuta wa mwaka 1974 unaoonyesha askari juu ya mnara wa ulinzi kando ya mto Wusuli. Anautazama mto uleule ambao wachongaji waliupenda, ila yeye aliuona kama mpaka kabla ya kuuona kama maji.

Kwa nini chapa za miaka ya karibuni zimejaa korongo, miti ya betula na theluji badala ya matrekta?

Kuanzia miaka ya 1980 msanii hakulazimika tena kuweka mashine katika kila picha, na wengi walielekea kwenye misitu ya betula yenye magome meupe, uvuvi chini ya barafu, maisha ya wavuvi wa kabila la Wahezhe, na ndege wa vinamasini. Korongo wa taji jekundu alipata nafasi kubwa zaidi. Ndege huyo huzaliana katika vinamasi vya Heilongjiang, na hifadhi ya Zhalong karibu na mji wa Qiqihar ilianzishwa mwaka 1979 kwa ajili yake na jamaa zake.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana. Kufikia wakati huo sehemu kubwa ya vinamasi ilikuwa imekaushwa na kulimwa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 mkoa wa Heilongjiang ulibadili mwelekeo na kuanza kuzuia ukaushaji zaidi, na mwaka 2002 maeneo ya Sanjiang, Honghe na Ziwa Xingkai yaliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ukizipanga chapa kwa miaka utaona historia hiyo bila kusoma maandishi yoyote: matete yaliyokuwa adui wa plau katika picha za 1960 yanatunzwa kwa upole katika picha za 1990. Ni lazima pia kukiri kwamba mabadiliko hayo yalileta kazi nyingi za kupendeza tu, zenye korongo wawili, mwezi na theluji, ambazo zingefaa kalenda na hazina mshindo wa udongo mweusi wa kizazi cha kwanza.

Zinatofautianaje na chapa za mikoa mingine ya China?

Kwa kifupi, wasanii wa Sichuan walijulikana kwa nguvu ya nyeusi na nyeupe na kwa picha za watu, na wale wa Jiangsu kwa rangi za maji na mandhari laini za mito na mifereji. Yunnan, kusini-magharibi, ilipata umaarufu katika miaka ya 1980 kwa mbinu ya kuchapa rangi zote kutoka ubao mmoja unaozidi kuchongwa baada ya kila rangi, hata mwishowe ubao unakuwa umekwisha na nakala haziwezi kuongezwa. Msomaji wa Uganda huenda anaifahamu mbinu hiyo kupitia kazi za msanii Fred Mutebi.

Ikiwa kuna nakala nyingi, ni ipi iliyo halisi?

Zote zilizochapwa na msanii, au chini ya usimamizi wake, kutoka ubao wake ni halisi. Chini ya picha, kwenye ukingo mweupe, huandikwa kwa penseli namba ya nakala na idadi ya toleo zima, jina la kazi, saini na mwaka; 5/50 maana yake ni nakala ya tano katika toleo la nakala 50. Utaratibu huu haukuzingatiwa sana katika miaka ya 1950 na 1960, hivyo chapa ya zamani isiyo na namba si lazima iwe ya kughushi.

Nitaitambuaje chapa ya ubao na kuitenganisha na nakala ya kiwandani?

Chukua kioo cha kukuzia. Nakala ya ofseti huonyesha vidoti vidogo vilivyopangwa sawasawa, wakati chapa ya ubao huonyesha eneo zima la rangi moja, pengine likiwa na alama za nyuzi za mti. Wino wa mafuta huwa mzito kidogo kwenye kingo za umbo, na mahali rangi mbili zinapokutana utaona moja imelala juu ya nyingine. Geuza karatasi pia, kwani msuguo wa mkono mara nyingi huacha mng'ao au mbonyeo kwa nyuma.

Zinaweza kuonekana wapi?

Jumba la Taifa la Sanaa mjini Beijing lina mkusanyiko mkubwa wa chapa za karne ya 20, na mjini Harbin kuna jumba la sanaa la mkoa pamoja na Makumbusho ya Beidahuang, ambayo yanasimulia historia ya mashamba yenyewe. Nje ya China, Makumbusho ya Uingereza mjini London na Makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford yana chapa za kisasa za China, ingawa si zote zinazokuwa ukutani kwa wakati mmoja, na ni busara kuuliza kabla ya kusafiri.

Nikiwa na chapa kama hii Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, niitunzeje?

Picha iliyozaliwa katika baridi kavu hupata shida katika joto la pwani, na adui wake mkubwa ni unyevunyevu, ambao huleta ukungu wa madoa ya kahawia na kuwavutia wadudu wala karatasi. Itiwe kwenye fremu yenye nafasi kati ya karatasi na kioo, ili wino usigande kwenye kioo, na iungwe kwa kadibodi isiyo na asidi. Isibandikwe kwa gundi wala kwa utepe wa plastiki. Itundikwe kwenye ukuta wa ndani usiopakana na nje, mbali na dirisha, kwa kuwa jua hufifisha rangi hata kama wino ni wa mafuta. Chapa iliyo kwenye karatasi ya Xuan, inayotengenezwa Anhui kwa magome ya mti na majani ya mpunga, ni nyepesi na hujikunja haraka hewa inapobadilika, kwa hiyo ishikwe kwa mikono miwili iliyokauka na fundi wa fremu aelezwe mapema kwamba haipaswi kuvutwa ili inyooke.